Panya kaingia kwenye boti ya tanga: dalili, chanzo, na uanzie wapi

Ukiishi nchi kavu panya akiingia ndani ni kero, anakula unga, anatoboa magunia, anakukosesha usingizi, basi. Ukiishi kwenye boti ni habari nyingine kabisa, manake chini ya kitanda chako imepita mipira ya maji inayotoka moja kwa moja baharini, zimepita nyaya za betri, umepita na mpira wa gesi ya jikoni, na huyu mnyama meno yake ya mbele hayaachi kukua mpaka anakufa kwa hiyo lazima atafune kitu, na yeye hajui huu mpira ukitoboka boti inajaa maji. Ndo maana mtu akiniuliza atege nini namwambia ngoja kwanza, leta tochi tuangalie ametafuna nini. Mtego utauweka jioni, boti iangalie sasa hivi.

Mi nilikaa na mmoja siku kumi na moja nikiwa nimefunga gatini. Siku za mwanzo nilikuwa nahangaika na chakula tu, nahamisha mkate, nafunika mchele, na hayo yote hayakuwa na haraka yoyote ukilinganisha na kilichokuwa kinaendelea chini ya sakafu.

Unasikia kitu usiku lakini huna uhakika

Boti ina sauti zake. Ile inayosikika kama mafuta yanakaanga, tatata isiyoisha, inatoka kwenye bodi nzima chini ya maji, hao ni kamba wadogo wa baharini wanaopiga makucha, hawana neno na wewe. Kugongagonga kwa nje ni samaki wanadonoa majani yaliyoota kwenye bodi. Kitu kinachopiga mlingoti kwa mdundo ni kamba ya tanga, inaenda na upepo, upepo ukilala na yenyewe inalala.

Panya ni tofauti. Sauti yake inahama, sa hivi iko omo, kule mbele ya boti, baada ya dakika mbili iko nyuma ya kabati la jikoni, na ukigonga ubao inakata ghafla alafu inaanza tena taratibu kama mtu aliyekuwa anasikilizia. Akitafuna utasikia krr krr kavu ya mahali pamoja, inaweza kwenda hata nusu saa. Mara nyingi anaanza ukishazima taa na boti imetulia.

Kama bado una wasiwasi, chukua unga laini, nyunyiza kidogo sana kwenye kipande cha karatasi ngumu, weka sehemu tatu nne, mfano karibu na injini, chini ya sinki na pale mlango wa kushukia ndani. Asubuhi mulika na tochi kwa ubavu usimulike kwa juu. Vidole vinaonekana, na mara nyingine kuna mstari katikati, huo ni mkia.

Umeona vinyesi, je ni vya nani

Hapa watu wengi wanakosea na wanaishia kutega mnyama ambaye hayupo. Kinyesi chenye ncha nyeupe ni cha mjusi, mwache ale mbu. Punje ndogo kama mchele mweusi, milimita 3 mpaka 6, zimetapakaa kila mahali, ni panya mdogo wa nyumbani. Zikifika sentimita 1 na kuendelea, mpaka karibu 2, huyo ni panya mkubwa, na hapo ziangalie vizuri, zenye ncha kali kwenye miisho kwa kawaida ni za panya mweusi, yule anayeitwa hata panya wa meli, fundi wa kupanda kamba. Zilizo butu ni za panya wa kahawia, yule mnene, muogeleaji hodari.

Kwa nini ujisumbue na hayo? Kwa sababu panya mdogo anapita tundu la milimita 6, hata kalamu ya risasi ikiingia na yeye ameingia, wakati panya mkubwa anahitaji kama sentimita 2. Na tabia zao ni mbili tofauti, mdogo anapenda kuchungulia kila kitu kipya, mkubwa anaogopa kila kitu kipya. Mtego wa huyu haumfai yule.

Pampu ya ngama inawaka mara kwa mara, au haiwaki kabisa

Hii ndo dalili iliyoniamsha mimi. Ngama yangu, ule uwazi wa chini kabisa wa boti ambako maji yanajikusanya, kwa kawaida ilikuwa kavu, pampu naisikia mara moja kwa wiki, usiku ule ikawaka mara mbili ndani ya saa moja. Ukiona hivyo usilale tena, fungua sakafu, chovya kidole uonje kwa ncha ya ulimi alafu uteme na usukutue mdomo, au kama kuna vinyesi humo usionje kabisa, paka tone kwenye kioo likauke uone kama linaacha chumvi.

Maji yakiwa matamu yametoka kwenye tangi lako mwenyewe, mpira wa maji ya kunywa umetobolewa, zima pampu ya maji na tafuta kwa utulivu. Panya anahitaji kunywa kila siku na anajua kabisa ndani ya ule mpira kuna maji.

Yakiwa ya chumvi hakuna utulivu. Funga koki zote zilizo kwenye matundu ya bodi, zote, ya choo, ya sinki, ya kupoza injini, afu ndo uanze kutafuta ni mpira gani. Ukifunga ile ya injini weka karatasi juu ya ufunguo usije ukawasha ukajisahau. Koki ikigoma kufunga, na zinagoma sana zikikaa muda mrefu bila kuguswa, ndo maana ya kile kizibo cha mbao chenye umbo la karoti kinachofungwa kwa uzi pembeni ya kila tundu. Mpira uliotafunwa usiufunge tepu ukasema nitaubadilisha mwezi ujao, tepu ni ya kukufikisha asubuhi, mpira unakatwa unawekwa mpya na klipu mbili kila upande.

Kwangu ulikuwa ni mpira wa choo, alama za meno mbili mbili sambamba, tundu lenyewe halifiki ukubwa wa punje ya mahindi. Maji yalikuwa yanachuruzika tu, lakini ningekuwa nimeondoka wiki moja na betri ikaisha ningekuta hadithi nyingine. Tangu siku ile siachi boti bila kufunga koki, hata nikienda kununua mkate.

Alafu kuna upande wa pili ambao ni mbaya zaidi kwa sababu hauna sauti, pampu haiwaki kabisa. Nyanyua kwa mkono ile swichi ya kuelea, inayowasha pampu maji yakipanda. Pampu isipoitika angalia fyuzi, fyuzi ikiwa nzima fuata waya kwa vidole kuanzia kwenye swichi, mara nyingi waya umekatwa pale unapopita kona, panya anapenda kona.

Unasikia harufu ya gesi

Fupi na muhimu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haitoki dirishani kama kwenye nyumba, inashuka mpaka kwenye ngama inakaa pale kama maji kwenye beseni, na cheche moja ya swichi inatosha. Funga mtungi, usiwashe wala usizime chochote cha umeme, fungua milango yote ya juu, toa watu nje, wacha hewa ipite muda mrefu. Mpira ukaguliwe kwa maji ya sabuni baadae, povu likipanda hapo ndipo palipotobolewa. Mpira wa gesi wenye alama ya jino hata kama hauvuji unatupwa.

Na hapohapo angalia bomba la mpira la moshi wa injini. Likitobolewa ule moshi unaingia ndani na una monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu na inaua mtu akiwa amelala. Kuna watu wanashauri uelekeze moshi wa injini ndani ya boti umuue panya. Nawaomba sana, usifanye hivyo, hiyo gesi inabaki kwenye vyumba na makabati na wewe ndo utakayelala humo.

Taa zinacheza, fyuzi zinaungua, betri inaisha bila sababu

Ngozi ya waya imetafunwa, shaba iko wazi, inagusa maji ya ngama au inagusa waya mwenzake. Mbali na moto kuna kitu watu hawakifikirii, waya wa chanya ukigusa maji ya ngama umeme unavuja kupitia vyuma vya boti na vinaanza kuliwa kwa haraka, koki, shafti, propela. Kwa hiyo usiseme mbona kila kitu kinafanya kazi. Zima swichi kuu, fungua kila paneli unayoweza kufungua, pitisha mkono ukiwa umevaa glavu. Palipo na vinyesi vingi na alama nyeusi za mafuta ya manyoya yake ukutani ndo barabara yake kuu, na waya unaopita barabara hiyo ndo wa kuangalia kwanza.

Tanga limetoboka matundu yaliyopangana mstari

Ukifungua tanga kuu ukakuta matundu manne matano yanayofanana, yameachana kwa umbali uleule, sio jua wala uchakavu. Alitoboa tanga likiwa limekunjwa, tundu moja limepita mikunjo yote. Maana yake kiota kilikuwa au bado kipo ndani ya kifuniko cha tanga, pako kavu, pana giza, hapasumbuliwi na mtu. Lifungue ukiwa umevaa glavu na ukae upande ambao hatakurukia usoni. Angalia pia mfuko wa tanga za akiba kule omo na makoti ya kujiokolea.

Mtego upo siku ya tano na haujashika kitu

Sababu ni nyingi na ukweli ni kwamba mara nyingi kosa ni letu, tunatega siku ya kwanza kwa hasira.

Panya mkubwa anaona kitu kigeni kwenye njia yake anakikwepa siku kadhaa. Kwa hiyo weka mtego wa springi na chambo lakini usiutege, mwache ale bure usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukiona sasa anakula bila wasiwasi mpaka anamaliza, usiku unaofuata tega yote kwa mpigo. Yote, manake mtego mmoja hautoshi hata kwenye boti ndogo, mi naweka sita.

Sababu nyingine ni mahali. Panya hapiti katikati ya sakafu, anatembea ameegemea ukuta. Mtego ukae umeelekeza kichwa ukutani, ile sehemu ya chambo ndo iguse ukuta, sio ulale sambamba hovyo hovyo.

Alafu kuna chakula. Kama kuna makombo chini ya jiko, kuna mfuko wa mchele wazi, kuna taka kwenye ndoo, kwa nini aje kwenye mtego wako? Kila kitu kiingie kwenye makopo ya chuma au kioo, plastiki laini anaitoboa. Maji nayo watu wanasema kausha kila kitu, mi hapo natofautiana nao. Ukimkaushia maji yote na mipira yako imejaa maji umemtuma mwenyewe akaitoboe. Mi naacha kisahani kidogo cha maji karibu na mitego mpaka ashikwe.

Chambo kiwe kidogo na kiwe kinanata, siagi ya karanga saizi ya punje ya maharage inatosha. Ukiweka kinyofu cha nyama au samaki mkavu kifunge na uzi, la sivyo anakichomoa polepole na kuondoka nacho. Kuna kingine pia, panya anayejenga kiota anapenda pamba au nyuzi kuliko hata chakula, nimeshamuona mmoja akipita siagi akang'ang'ania kipande cha uzi.

Na kwenye boti tu, boti inayumba. Mawimbi ya boti nyingine ikipita yanaweza kufyatua mtego wenyewe, asubuhi unadhani panya ni mjanja kumbe ni wimbi. Tumia mtego usio mwepesi kupita kiasi na uufunge kwa kamba kwenye kitu, kwa sababu panya aliyebanwa mguu anaweza kuuburuta mpaka nyuma ya tangi, mahali ambapo hutafika bila kubomoa.

Mtego wa gundi siupendi, mnyama anakufa kwa mateso ya masaa, na panya mkubwa mara nyingi anajinasua akabaki anapaka gundi kila mahali. Ukiamua kuutumia uangalie kila baada ya muda mfupi, usimwache. Vile vifaa vya kupiga sauti ambayo binadamu haisikii, usivitegemee, panya anavizoea. Na vidonge vya kuzuia nondo kwenye chumba kidogo usichopitisha hewa vitakuumiza wewe kichwa kabla yake.

Sumu je?

Mi jibu langu ni hapana kama bado una njia nyingine. Sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda, na haziui palepale, zinachukua siku kadhaa, na katika siku hizo anaendelea kutafuna kama kawaida. Akija kufa hafi juu ya sitaha ukamwona, anaenda kufia kwenye uwazi kati ya bodi na mbao za ndani. Mbwa au paka wako akimla naye anadhurika, kama una mnyama na amekula sumu hiyo mkimbize kwa daktari wa mifugo na pakiti yake mkononi, matibabu ni vitamini K1 lakini wakati ndo kila kitu.

Kama tayari umeshaweka na sasa kuna harufu ya kuoza usiyojua inatoka wapi, fuata nzi, wale wakubwa wa kijani. Funga vyumba kimoja kimoja kwa nusu saa alafu fungua unuse, harufu itazidi kwenye kimoja. Ukishindwa kabisa kumfikia, pitisha hewa na uvumilie, panya mdogo anakauka ndani ya siku chache, mkubwa anaweza kukutesa wiki mbili au zaidi hasa kukiwa na unyevu.

Umemshika, wiki mbili baadae yuko mwingine

Kuna mawili. Ama ni watoto wa yuleyule, mimba ya panya ni siku 21 mpaka 23 na watoto wanaanza kujitegemea wakiwa na kama wiki tatu nne, kwa hiyo usiondoe mitego kabla ya mwezi hata kama kumetulia. Au njia bado iko wazi.

Njia kubwa ni kamba za kufungia boti gatini. Meli zinaweka sahani pana za chuma kwenye kamba, na wewe unaweza kutengeneza zako kwa plastiki ngumu, ziwe pana kweli, zikae mbali na gati na mbali na boti manake panya anaruka zaidi ya mita 1 kwenda mbele. Chupa kubwa za plastiki zilizotobolewa zikapitishwa kwenye kamba nazo zinasaidia kwa sababu zinazunguka akikanyaga. Ila kuna waya wa umeme wa gatini, watu wanalinda kamba nne wanausahau ule waya. Kuna ubao wa kupandia, uvute usiku. Kuna ngazi ya kuogelea iliyoachwa majini, kuna mnyororo wa nanga, kumbuka wa kahawia anaogelea, kutia nanga mbali na gati kunapunguza sana lakini sio kinga kamili. Na kuna maboksi ya manunuzi, fungulia yote gatini, usiingize boksi ndani.

Kuziba matundu ya ndani kunakuja baada ya kumshika, sio kabla, ukiziba akiwa nyuma ya mbao umemfungia pale penye mipira na nyaya. Tumia wavu wa chuma wa matundu yasiyofika milimita 6, au nyuzi za chuma kisichoshika kutu, za kawaida zinageuka unga mwekundu kwenye hewa ya bahari. Povu la kuziba peke yake anatafuna kama mkate. Usisahau tundu la mnyororo wa nanga na matundu ya hewa.

Ukimshika mzima usimtupe majini karibu na kisiwa, tafadhali. Mwaka 1918 meli ya Makambo ilikwama Lord Howe, kisiwa cha Australia, panya wakashuka, na ndani ya miaka michache aina tano za ndege ambazo hazikuwepo kwingine duniani zikatoweka kabisa. Ilichukua mpaka 2019 kuanza operesheni ya kuwaondoa. Panya wako mmoja akiwa na mimba anatosha kuanzisha hayo kwenye kisiwa kingine.

Kama unavuka mipaka kumbuka pia afisa wa afya bandarini anaweza kukagua. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 kuna cheti cha usafi wa chombo kinachodumu miezi 6, na dalili za panya ni moja ya vitu wanavyovitafuta.

Kusafisha, na homa inayokuja baadae

Usifagie vinyesi vikavu, usitumie mashine ya kuvuta vumbi, lile vumbi unalivuta mapafuni. Fungua milango kwa nusu saa, vaa glavu na barakoa, lowesha kila kitu kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, iache dakika tano ndo ufute kwa karatasi. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia. Ngama nayo ioshwe hivyohivyo, manake mkojo wa panya unaweza kubeba leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria, na vijidudu vyake vinakaa vizuri kwenye maji yaliyotuama na unyevu, vinaingia kupitia kidonda kidogo tu cha mkononi.

Ukipata homa ya ghafla, kichwa kinauma, misuli ya nyuma ya miguu inauma kama umepanda mlima, macho mekundu, na hata kama panya alishakufa wiki mbili tatu zilizopita kwa sababu ugonjwa unaweza kuchukua mpaka siku 30 kujitokeza, nenda hospitali na umwambie daktari mapema kabisa kwamba unaishi kwenye boti na ulikuwa na panya. Yeye hawezi kubahatisha hilo, na antibiotiki zinasaidia zaidi zikianza mapema.